Kufunga kava la simu kwenye gari, pikipiki, baiskeli au ubao likashika lisiachie

Simu ikidondoka njiani, wa kwanza kulaumiwa huwa ni kava, na mara nyingi kava halina kosa. Kati ya simu na kitu ulichoifungia kuna viungo vinne: kava lenyewe, kifungo cha mgongoni mwa kava, mkono wenye gololi, na kitako kinachokamata kitu. Kinachoachia zaidi ni kitako, kwa sababu watu huchagua vifaa wakiitazama simu badala ya kutazama mahali simu itakapokaa. Kwa hiyo anzia huko. Je, ni bomba, kioo, plastiki yenye vipele, au ubao? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu kingine.

Ukifunga kwenye bomba

Usukani wa baiskeli au pikipiki hupimwa kwa kipenyo. Kama huna kalipa, zungushia uzi mara moja, weka alama pale ncha inapokutana, kisha nyoosha uzi kwenye rula. Ukipata milimita 70, bomba ni la milimita 22.2, 80 ni la 25.4, 90 ni la 28.6, 100 ni la 31.8, na 110 ni la 35. Vipimo hivyo vitano ndivyo utakavyokutana navyo mara nyingi. Usukani wa baiskeli mara nyingi ni mwembamba kwenye mishikio na mnene katikati, kwa hiyo pima palepale utakapofunga. Pikipiki nyingi zina milimita 22.2, na zenye usukani mnene hufika 28.6.

Kikamatio cha bomba huja na raba za unene tofauti. Chagua raba ambayo, ukishakaza bolti, bado inaacha mwanya wa milimita moja au mbili kati ya taya mbili za kikamatio. Taya zikigusana, bolti haibani bomba tena, inazibana taya zenyewe; utakaza mpaka hesi iharibike na kikamatio kitaendelea kuzunguka. Hapo ongeza raba nene zaidi. Kama kuna bolti mbili, kaza moja nusu mzunguko, hamia ya pili, rudi ya kwanza, ili mwanya ubaki sawa pande zote. Futa mafuta na vumbi kwenye bomba kwanza, maana raba iliyokaa juu ya grisi huteleza hata ukikaza vipi. Kwa usukani wa kaboni, fuata nguvu ya kukaza iliyoandikwa na mtengenezaji na utumie spana yenye kipimo. Kaboni haionyeshi kwamba imeumia hadi siku inapovunjika.

Ukifunga kwenye kioo

Kikombe cha kufyonza hushikwa na uzito wa hewa ya nje baada ya hewa ya ndani kutolewa, kwa hiyo kinataka uso laini usiopitisha hewa. Kioo kinafaa. Dashibodi yenye vipele haifai, kwa sababu hewa hupenya kwenye mifereji midogo na kikombe hudondoka baada ya saa chache. Safisha kioo kwa alkoholi, kausha, bonyeza kikombe katikati kwa kiganja na ufunge wenzo ukiwa bado umebonyeza. Raba ikikakamaa au kupinda, iloweke kwenye maji ya moto kiasi kwa dakika chache ilainike na kurudia umbo lake, kisha iache ikauke bila kuipangusa kwa kitambaa chenye nyuzi. Unywele mmoja chini ya ukingo unatosha kuingiza hewa.

Ukifunga kwa gundi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, na karibu kila mara tatizo ni maandalizi, si ubora wa tepu, yaani utepe wenye gundi pande mbili unaoshikisha kitako.

Kwanza, jua plastiki yako. Plastiki ngumu kama ABS na polikaboneti hushika tepu vizuri. Polipropilini, polithini na silikoni haziipokei gundi. Kuna jaribio rahisi: dondosha tone la maji. Likitandaa, uso unapokea gundi. Likikaa duara kama shanga, tepu itabanduka, isipokuwa upake praima, yaani dawa ya kuandaa uso upokee gundi, iliyotengenezwa kwa plastiki za aina hiyo. Tone likikaa duara kwenye dashibodi, chunguza pia kama ilipakwa dawa ya kung'arisha yenye silikoni. Dawa hiyo huacha utando usioonekana, na kufuta mara moja hakutoshi. Osha kwa maji na sabuni, suuza, kausha, kisha pitisha alkoholi mara mbili au tatu, kila mara kwa kitambaa kipya.

Alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, kuanzia nusu kwa nusu hadi asilimia 70 ya alkoholi, inatosha. Usitumie asetoni wala petroli. Asetoni huyeyusha ABS na polikaboneti, na petroli huacha mafuta. Ukishafuta, usiguse tena kwa vidole.

Pili, joto. Tepu nene za povu la akriliki, kama VHB za 3M, hushika vizuri zikibandikwa kwenye nyuzi 21 hadi 38 za Selsiasi. Chini ya nyuzi 10 gundi inakuwa ngumu na haitandai vizuri juu ya uso wa kitu. Kama ni asubuhi ya baridi, pasha dashibodi na kitako kwa draya ya nywele mpaka uhisi uvuguvugu mkononi.

Tatu, shinikizo. Inahitajika takriban kilo moja kwa kila sentimita mraba. Kitako cha duara chenye kipenyo cha sentimita 4 kina eneo la takriban sentimita mraba 12.6, kwa hiyo kinataka kilo 13 hivi; cha sentimita 6 kinafika kilo 28. Kidole gumba hakitoshi. Egemea kwa kiganja, hesabu hadi 30, kisha sogeza uzito ukingoni na uzunguke. Ukitaka kuona kinachotokea, bandika kipande cha tepu kwenye kioo na utazame upande wa pili: kabla ya kubonyeza, utaona madoa meupe ya hewa, ukibonyeza, rangi hukolea na madoa hupungua. Mahali penye rangi iliyokolea ndipo palipogusana kweli. Ukiacha nusu ikiwa na madoa meupe, umebandika nusu ya tepu.

Nne, muda, na hapa subira inalipa. Kwa joto la chumba tepu hizo hupata takriban nusu ya nguvu baada ya dakika 20, asilimia 90 baada ya saa 24, na nguvu yote baada ya saa 72. Usiweke simu siku hiyohiyo. Tepu ikibebeshwa mzigo mapema haidondoki papo hapo. Huanza kuvutika polepole kwenye ukingo wa juu, kisha inaachia wiki mbili baadaye saa sita mchana gari likiwa juani, na mtu hudhani jua ndilo la kulaumiwa.

Dashibodi ikiwa imepinda, usibandike kitako bapa kwa nguvu. Plastiki iliyolazimishwa kupinda huvuta kurudi mahali pake usiku na mchana, na hatimaye ukingo hushinda tepu. Tafuta kitako kinachopindika, au hamia sehemu bapa.

Ndani ya gari, usibandike chochote juu ya kifuniko cha mfuko wa hewa wala kwenye njia utakapofumukia. Mfuko huo hufunguka kwa kasi inayogeuza kitako kuwa jiwe la kurushwa usoni. Na kishikilio kinachobana vipande vya tundu la hewa kinafaa kwa simu nyepesi tu: vipande hivyo ni vyembamba, na ukiwasha hita, hewa moto inaenda moja kwa moja kwenye betri.

Ukifunga kwa skrubu

Vitako vingi vya kufunga kwenye ubao au chuma hutumia mpangilio wa AMPS: matundu manne kwenye mstatili wa milimita 30 kwa 38. Skrubu za M4 huingia. Kwenye mbao, toboa kwanza tundu dogo la milimita 2.5 hadi 3 ili ubao usipasuke. Kwenye bati jembamba, tumia bolti inayopita hadi nyuma, washa pana, na nati yenye pete ya plastiki ndani, maana skrubu ya bati hulegea kwa mtetemo.

Kwa tripodi, hesi ya kawaida ni ya robo inchi yenye mizunguko 20 kwa inchi. Stendi kubwa hutumia tatu ya nane yenye mizunguko 16. Angalia kina cha tundu kabla ya kukaza. Bolti ndefu kuliko tundu itasukuma mgongo wa kava na hata kioo cha nyuma cha simu.

Tahadhari moja ambayo wengi hawaijui: gundi ya kuzuia bolti kulegea, ile ya buluu, ni nzuri kati ya chuma na chuma, lakini ikigusa ABS au polikaboneti iliyobanwa inaweza kuipasua kwa nyufa nyembamba. Kishikilio cha plastiki kinaonekana kizima, kisha kinakatika kwenye tundu la bolti. Kama bolti inaingia kwenye plastiki, tumia nati yenye pete ya plastiki.

Mkono na gololi

Mkono mrefu unapendeza dukani na unasumbua barabarani. Simu ya gramu 200 pamoja na kava la gramu 40 ikikaa sentimita 15 kutoka kwenye gololi inaikunja gololi kwa takriban niutoni-mita 0.35. Isogeze hadi sentimita 5, nguvu hiyo inashuka hadi 0.12. Kwenye shimo, mzigo huongezeka mara kadhaa, na mkono mrefu ndio unaoinama. Chukua mkono mfupi kuliko yote unaokufikishia simu unapoiona.

Gololi za ndani ya gari mara nyingi ni za milimita 17. Mifumo mizito zaidi hutumia za inchi moja, yaani milimita 25.4, au inchi moja na nusu kwa tableti. Ukubwa hauchanganyiki: gololi ndogo kwenye soketi kubwa haikaziki. Gololi yenye raba isipakwe mafuta hata kidogo. Ukishakaza, chora mstari mmoja wa rangi unaopita kutoka kwenye gololi hadi kwenye soketi. Siku mstari ukikatika ukawa na ngazi, utajua kiungo kimeteleza kabla simu haijainama.

Kifungo cha kava

Kifungo cha kugeuza, ambacho huingia kikiwa kimepinda kisha kinanyooshwa mpaka kilie "tak", ndicho bora kwa pikipiki na baiskeli. Kosa lake ni moja: mtu hugeuza kabla kava halijakaa bapa, meno yanashika upande mmoja tu. Bonyeza kwanza, geuza, kisha vuta simu kwako kwa nguvu. Usiondoke kabla ya kuvuta.

Kama unabandika kifungo cha gundi, kibandike kwenye kava gumu, si kwenye kava laini la silikoni au TPU (plastiki inayonyumbuka), ambalo halishiki gundi kwa muda mrefu. Isawazishe simu juu ya kidole kwanza upate pale inapolala sawa. Kamera huivuta juu, kwa hiyo katikati ya uzito si lazima iwe katikati ya kava.

Sumaku ni rahisi kutumia ndani ya gari. Hushika sana ukivuta moja kwa moja, lakini huteleza ukisukuma pembeni, na barabara mbovu husukuma pembeni. Kwenye pikipiki usitegemee sumaku peke yake. Simu nyingi za iPhone kuanzia 12, ya mwaka 2020, zina duara la sumaku ndani, lakini kava nene lisilo na sumaku zake hulipunguza nguvu sana. Ukitumia kibati cha kubandika kwenye kava ili sumaku ipate pa kushika, kiwe cha chuma, kwa kuwa alumini haivutwi, na ujue kwamba kibati kitazuia chaji isiyo na waya na chenyewe kitapata moto kikiachwa juu ya chaja. Mwenye kifaa cha kusaidia moyo aweke simu na vifaa vya aina hii mbali kwa zaidi ya sentimita 15, na zaidi ya 30 wakati wa kuchaji bila waya, kama Apple inavyoelekeza.

Mtetemo na joto

Septemba 2021 Apple ilionya kwamba mtetemo mkali wa injini kubwa za pikipiki unaweza kudhoofisha kamera zenye mfumo wa kutuliza picha. Lenzi kwenye mfumo huo huelea, haijakazwa. Weka kifyonza mtetemo chenye raba kati ya kifungo na mkono, hata kwenye pikipiki ndogo, na usiache simu imefungwa kutwa nzima kama huitumii. Kifyonza hicho kiwe na simu pekee juu yake. Ukikiongezea tochi au chaja nzito, raba huinama na simu hutikisika zaidi kuliko bila kifyonza.

Kuhusu joto, Apple hutaja nyuzi 0 hadi 35 kuwa hewa inayofaa kutumia iPhone. Nyuma ya kioo cha mbele juani hupita hapo haraka. Shusha simu kwenye kivuli cha dashibodi na uitoe unapoegesha.

Baada ya siku ya kwanza kaza tena bolti zote, maana raba mpya hubonyea kidogo. Kisha kagua kila mwezi.

Kubandua tepu bila kuharibu

Usiivute wala usiichokoe kwa bisibisi. Pasha kitako kwa draya dakika mbili hivi, kisha pitisha mshipi wa kuvulia au uzi wa meno nyuma yake na ukereze kama msumeno, ukishikilia uzi karibu na uso wa dashibodi. Kitako kikitoka, viringisha mabaki kwa kidole gumba yajikunje kuwa vidonge, na doa la mwisho liondolewe kwa alkoholi. Tepu iliyokwisha kubanduliwa hairudishwi, kata mpya.