SOMO: Kuleta Cessna 206 kutoka Marekani hadi Arusha kwa kuirusha yenyewe

Wakuu, wengi mmeniuliza Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha, ndege hizi ndogo za injini moja hufikaje. Nyingine hurushwa. Nitakaa zaidi kwenye mafuta, kwa sababu ndiyo yanayoua.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya bahari kabla ya kitu kingine. St. John's, Kanada, hadi Santa Maria kwenye visiwa vya Azores ni kama kilomita 2,500. Kwa mwendo wa 220 kwa saa ni zaidi ya saa 11. Injini inakunywa kama lita 57 kwa saa, na mabawa yana lita 330 tu za kutumika. Ukitaka akiba ya zaidi ya saa 2 na nusu unahitaji lita 800, kwa hiyo lita 470 zinakaa kwenye tangi la ziada ndani, nyuma yako. Jumla ni kilo 576 za mafuta pekee. Ndege itazidi uzito wake wa kawaida, na hairuki bila kibali maalumu.

Hatua ya 2: Ondoka kwa mafuta ya mabawa. Baada ya saa moja, ukiwa umetulia juu, washa pampu, geuza koki kwenda tangi la ziada, mkono usitoke kwenye koki. Mara yangu ya kwanza injini ilikohoa sekunde chache, hewa ikiwa kwenye bomba. Sekunde zile ni ndefu.

Hatua ya 3: Weka saa ya mwisho ya kurudi, uiandike kwenye karatasi gotini. Upepo wa magharibi unakusukuma kwenda, utakupinga kurudi. Ukiwa wa kilomita 40 kwa saa, saa 3 za kwenda zinakuwa saa 4 na dakika 20 za kurudi. Kwenye mabawa zimebaki kama saa 4 na dakika 45. Tangi likikataa baada ya hapo, huna pa kugeukia.

Hatua ya 4: Vaa vazi la kuzuia baridi ya maji tangu ukiwa ardhini, boya la kujiokolea liwe karibu na mlango. Usilifunge nyuma ya tangi!

Hatua ya 5: Ulaya, Krete, Misri. Khartoum haitegemewi tena tangu vita vya Aprili 2023. Mimi ningezunguka Saudia na Jibuti. Uliza avigasi, petroli ya ndege za injini za pistoni kama hii, kila kituo kabla ya kuondoka, maana Afrika ni adimu. Tua KIA, uwanja wa Kilimanjaro, kwa forodha na uhamiaji, kisha Kisongo.

MASWALI

— Mkuu, kwa nini isipakiwe kwenye kontena?
Inawezekana, mabawa yakivuliwa. Ila utahitaji mafundi wa kuiunga na kuijaribu upya. Kwa Cessna 172, ambayo ni ndogo zaidi, ningefanya hivyo.

— Kapteni, haja ndogo je?
Chupa yenye mdomo mpana. Usiache kunywa maji ukiogopa hilo, kichwa kitauma na hesabu zitakosewa.

— Shikamoo. Niko Moshi, mwanangu ana leseni ya rubani wa biashara na saa 250 za kuruka, ameitiwa kazi hii. Nimruhusu?
Marahaba mama. Peke yake baharini, hapana. Aende kwanza na mzoefu, akae kiti cha kulia, na karatasi ya kurudi aiandike yeye.