Herufi sita zinazotenganisha chanjo na kideri

Ninapochanja kuku Kisauni na Likoni, wafugaji huniuliza: ikiwa chanjo ya LaSota ni virusi hai vya kideri, mbona haiui kuku? Jibu limo katika herufi sita za protini moja ya virusi hivyo, na unaweza kulisoma kwenye simu yako.

Hatua ya 1. Ingia UniProt, hifadhidata ya protini mtandaoni, haina malipo. Andika jina la virusi vya kideri kwa Kiingereza, Newcastle, pamoja na neno fusion. Tafuta protini ya F ya LaSota, kisha ya Beaudette C, aina kali.

Hatua ya 2. Shuka hadi kwenye mfuatano. Kila herufi ni asidi amino moja, nazo hupangwa kumi kumi. Soma ya 112 hadi ya 117. LaSota: GRQGRL. Beaudette C: RRQKRF. Hesabu mara mbili.

Hatua ya 3. Hapa usiharakishe, ndipo penye utamu. Protini ya F huunganisha utando wa kirusi na wa seli ili kirusi kiingie. Lakini hutengenezwa ikiwa nzima, na ikiwa nzima haifanyi kazi. Sharti ikatwe kati ya 116 na 117. Kirusi hakina mkasi wake, hutumia wa kuku. GRQGRL hukatwa na vimeng'enya vya jamii ya tripsini, ambavyo viko hasa kwenye njia ya hewa na utumbo. LaSota huishia huko. Kuku hupiga chafya kidogo huku kinga ikijengeka. RRQKRF hukatwa na furini, kimeng'enya kilichomo karibu katika kila seli. Hapo virusi husambaa mwilini, hata ubongoni. Yule kuku aliyepinda shingo, anayezunguka palepale bila kuona punje iliyo mbele yake, huenda ni kazi ya furini.

Hatua ya 4. Hesabu R na K kuanzia 113 hadi 116. Zikifika tatu, na herufi ya 117 ni F, Shirika la Afya ya Wanyama Duniani huvihesabu virusi hivyo kuwa vikali. LaSota ina mbili tu, na 117 ni L.

Hatua ya 5. Rudia kwa virusi vya kideri vya njiwa. Baadhi vina herufi za ukali ilhali humdhuru kuku kidogo, kwa kuwa ukali hautegemei protini ya F peke yake. Njiwa wako wakila katika ua mmoja na kuku, chanja kuku hata hivyo, na ukiona shingo zinapinda mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.