Kufundisha Jumla Fiilia na Irabu Zake kwa Wanafunzi wa Kusini

Mwanafunzi anayeanza nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, katika madrasa ya Mikindani, Lindi mjini au Kilwa mara nyingi huwa tayari anaisoma Qur'ani vizuri, na usomaji huo umemzoesha kuikata harakati ya mwisho, yaani ile sauti fupi ya a, i au u iliyo mwishoni mwa neno, kila anaposimama. Katika jumla fiilia, yaani sentensi inayoanza na kitenzi, harakati hiyo ndiyo inayobeba maana. Kwa hiyo weka sharti tangu siku ya kwanza kwamba katika somo hili kila neno litatamkwa hadi mwisho wake, hata lile la mwisho wa sentensi, na usilegeze sharti hilo mpaka masikio yamezoea.

Siku hiyo hiyo liondoe tatizo la jina lenyewe. Shuleni mtoto amefundishwa kwamba irabu ni a, e, i, o, u, lakini katika nahau irabu ni mabadiliko ya mwisho wa neno yanayoletwa na kazi ya neno hilo katika sentensi. Usipozitenganisha maana hizi mbili, atakusikiliza wiki nzima akifikiria kitu kingine.

Kisha anza na Kiswahili chake. Tunaposema "mtoto alimsaidia mvuvi", tunamjua aliyesaidia kwa nafasi yake mbele ya kitenzi, na tukizibadilisha nafasi, maana nayo hubadilika. Kiarabu kimeiweka kazi hiyo mwishoni mwa neno. Jumla fiilia huanza na fiili, yaani kitenzi; faaili wake, yaani mtendaji, huwa marfuu, yaani katika hali ya rafau, na alama ya asili ya rafau ni dhamma, ile sauti ya u. Mafuulu bihi, yaani mtendwa, huwa mansubu, yaani katika hali ya nasbu, na alama ya asili ya nasbu ni fat-ha, ile sauti ya a.

Andika ubaoni ساعد الولد الصياد bila harakati yoyote. Waambie wanafunzi, "Mtoto alimsaidia mvuvi," nao waweke harakati: "saa'ada l-waladu s-sayyaada". Halafu, bila kuhamisha neno hata moja, waambie, "Mvuvi alimsaidia mtoto." Wataomba kufuta na kuandika upya, wakatalie. Waache watafute wenyewe mpaka mmoja aseme "saa'ada l-walada s-sayyaadu", kwani hapo ndipo darasa zima huona kwamba dhamma moja iliyohama imembadilisha msaidizi. Kwangu mimi zoezi hili lina faida kuliko kurasa nyingi za kanuni, na ninalirudia kwa majuma mawili nikibadilisha maneno tu.

Kosa litakaloendelea kuwasumbua kwa muda mrefu linatoka katika lugha yetu wenyewe. Neno "kitabu" limetoka katika "kitaab", na ile u ya mwisho tumeiongeza sisi Waswahili; ile i ya "samaki" nayo ni vivyo hivyo. Mwanafunzi husema "qara'a l-waladu l-kitaabu" kwa sababu ulimi wake unalijua neno kwa sauti hiyo, akaishia kuwa na marfuu wawili na kitabu kinachosoma. Nimewahi kulirekebisha kosa hili mara nyingi kwa mwanafunzi mmoja kabla sijatambua kwamba kanuni anaijua kikamilifu. Dawa yake ni kuwapa orodha ya maneno ya Kiarabu tuliyoyaswahilisha, wayaseme kwanza bila ile sauti tuliyoiongeza, ndipo wayaingize katika sentensi.

Fiili nayo ina mitego miwili kwa mzungumzaji wa Kiswahili. Sisi husema "wanaume walikwenda", kwa hiyo mtoto hutaka kuitia fiili alama ya wingi, ilhali mbele ya faaili aliye dhahiri, yaani aliyetajwa kwa jina, fiili hubaki katika umoja: "dhahaba r-rijaalu". Pia, kwa kuwa Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika kitenzi, ataisahau ta ya "dhahabat Maryamu". Akitanguliza jina, akasema "al-waladu dhahaba", usimwambie amekosea. Mweleze kwamba hiyo sasa ni jumla ismia, yaani sentensi inayoanza na jina, na al-waladu ni mubtadaa, lile jina linaloanza.

Wakishaweza haya, wasomee aya ya 28 ya Suratu Faatwir: "innamaa yakhsha llaaha min ibaadihi l-ulamaa'u". Mafuulu bihi ametangulia na faaili amekuja mwisho, na maana yake ni kwamba wanaomcha Mwenyezi Mungu katika waja Wake ni wanavyuoni. Waulize maana ingekuwaje kama harakati mbili hizo zingebadilishana. Darasa hunyamaza, na kuanzia siku hiyo hakuna anayeuliza irabu zina kazi gani.

Alama za badala zije baadaye, moja moja: alifu na yaa za muthanna (umbo la wawili), wau na yaa za jamii mudhakari salimu (wingi wa kiume usiovunja umbo la neno), kasra, ile sauti ya i, ya nasbu katika jamii muannathi salimu (wingi wa kike wa namna hiyo). Kwa majina matano, yaani kundi dogo la majina kama abu yanayobadilika kwa herufi badala ya harakati, tumia yale wanayoyajua tangu utotoni, kwa kuwa kila mmoja amesikia Abu Bakri na Ali bin Abi Talibu bila kujiuliza kwa nini huyu ni Abu na yule ni Abi.

Mwisho wapeleke kwenye "saa'ada Muusaa Iisaa". Harakati hazionekani katika alifu ya mwisho, kwa hiyo hapa nafasi ndiyo inayoamua, na Musa lazima awe faaili kwa kuwa ametangulia, kama ambavyo ingekuwa katika Kiswahili.