SOMO: Mashine ya kuosha vyombo hotelini, pale maji yanapotoka kisimani

Wakuu, simu nyingi za hoteli za pwani huanza hivi: "Fundi, mashine imekufa." Nikifika naikuta haijafa, imeziba. Maji ya visima vya Unguja hupita kwenye jiwe la matumbawe na kubeba chokaa. Yakipashwa moto, chokaa ile hugandia hita kama ukoko wa wali. Nazungumzia mashine ya jikoni inayosuuza kwa maji ya moto, si ile ndogo ya nyumbani.

Hatua ya 1, kila usiku. Zima, mwaga maji, toa machujio uyasugue kwa brashi. Usiyagonge kwenye sinki: yakipinda, mabaki yanapenya hadi kwenye pampu. Kisha chomoa mikono ya kunyunyizia, fungua vizibo vya mwisho, zibua matundu. Nimeshatoa humo vijiti vya meno, mbegu za ndimu, hata lebo za bia. Ukiirudisha, isukume kwa kidole. Izunguke bila kusita. Lala ukiacha mlango wazi, mpira usiote ukungu.

Hatua ya 2, joto. Kuosha nyuzi 55 hadi 65, kusuuza zisipungue 82. Sahani zikitoka vuguvugu na zimelowa, shuku ukoko kwenye hita ya suuza au kidhibiti joto.

Hatua ya 3, kutoa chokaa. Hapa tulia. Sabuni nyingi za mashine zina klorini, na klorini ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu. Kwa hiyo chomoa kwanza mpira wa sabuni kwenye dumu, endesha mzunguko wa maji matupu, mwaga, jaza upya. Ndipo uvae glovu na miwani, utie dawa ya chokaa kwa kipimo cha kwenye chupa, uizungushe, umwage, usuuze mara mbili au tatu. Dawa ya kwenye tangi la kuoshea kwa kawaida haifiki kwenye boila ya suuza, yaani chombo kinachopasha maji ya kusuuza. Ile ni kazi ya fundi. Mkiwa na kifaa cha kulainisha maji, yaani kinachotoa chokaa kabla maji hayajaingia kwenye mashine, chumvi yake isiishe. Wengi hukinunua kwa bei kubwa kisha wakakisahau.

MASWALI YA WANACHAMA

Glasi zina ukungu mweupe. Nimeongeza sabuni, wapi!
– Paka siki glasi moja. Ukungu ukitoka, ni chokaa. Usipotoka, glasi imeliwa na sabuni na haiponi tena. Hapo punguza sabuni, usiongeze.

Fundi, povu linamwagika mlangoni na vyombo havitakati.
– Kuna mtu anaviloweka kwa sabuni ya kuoshea vyombo kwa mkono kabla ya kuvipanga, nina hakika. Pampu ikivuta povu haina nguvu ya kurusha maji. Mwaga yote, anza upya.

Yetu inajaza maji bila kukoma.
– Mashine nyingi hupima kina kwa hewa iliyo ndani ya kijibomba chembamba. Mafuta yakikiziba, haijui kwamba imejaa. Zima umeme ukutani kwanza. Maji yakikoma, safisha kijibomba hicho. Yakiendelea kuingia hata umeme ukiwa umezimwa, vali ya kuingizia maji haifungi: funga koki, mwite fundi.