Kufufua rili kuukuu ya Penn Senator: anzia kwenye mpini

Rili nyingi, yaani vyombo vya kukunjia uzi wa kuvulia samaki, zinazoletwa kwangu hapa Malindi ni Penn Senator zilizostaafu kwenye boti za kuvulia nduwaro na sulisuli. Zimekaa miaka sandukuni na chumvi yake, na mwenyewe huja na neno lilelile: "Fundi, mpini hauzunguki." Mara tisa katika kumi mpini hauna kosa. Chumvi imehamia ndani, na mpini ndio mlango wa kuifuata.

Hatua ya 1: Ijue kwanza

Penn ilianzishwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1932 na Otto Henze, na Senator ikatoka 1936. Soma ukubwa kwenye bamba la pembeni: 4/0 ni namba 113, 6/0 ni 114, 9/0 ni 115. Ukikuta herufi H baada ya namba, kama 114H, gia zake ni za kasi zaidi, kwa hiyo usiagize gia kwa kukisia. Bamba jeusi au la rangi ya damu ya mzee ni bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani, na pete zinazolizunguka ni shaba ya manjano iliyopakwa kromu.

Kishikio cha mpini kinahitaji pua. Kisugue kwa kidole gumba mpaka kipate joto, kisha nusa upesi. Harufu kali ya dawa, kama formalini, ni bakelaiti. Harufu ya salfa ni eboniti, yaani mpira mgumu. Harufu ya kafuri ni seluloidi, plastiki nyingine ya zamani, ambayo utaikuta zaidi kwenye rili za zamani za makampuni mengine. Wapo wanaofundisha kuchoma kwa sindano ya moto. Usijaribu, seluloidi hushika moto kama karatasi.

Hatua ya 2: Loweka

Legeza nyota ya breki, ile gurudumu yenye ncha chini ya mpini inayokaza breki ya kuzuia uzi samaki anapovuta, toa uzi wote, izamishe rili kwenye ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi usiku kucha. Asubuhi badilisha maji, loweka tena saa chache. Maji ya moto hapana. Niliwahi kumwagia kishikio cheusi cha eboniti maji ya birika nikitaka kuyeyusha grisi. Kilitoka na rangi ya chai ya maziwa, na hakijarudi kuwa cheusi hadi leo.

Hatua ya 3: Toa mpini

Hapa ndipo rili nyingi huharibiwa. Kando ya nati kubwa ya mpini pana skrubu ndogo inayoizuia isizunguke. Asiyeiona hukaza spana mpaka pembe za nati zinaisha. Itoe hiyo kwanza. Bisibisi ijaze mfereji wote wa skrubu. Ikiwa nyembamba, itateleza na kuukwaruza. Skrubu ikigoma, tia tone la mafuta ya kupenya kutu, subiri hata siku mbili, kisha igusishe ncha ya pasi ya solda kichwani kwa nusu dakika. Futa mafuta yaliyomwagika kabla ya kuweka moto, na joto lisifike kwenye bakelaiti.

Nati ikitoka, mpini huinuka, ikifuata nyota na bomba fupi lililo chini yake.

Hatua ya 4: Fungua tumbo

Fanyia kazi ndani ya beseni lililotandikwa kitambaa cheupe. Ulimi unaozuia gia isirudi nyuma una springi ndogo, na pinioni, yaani gia ndogo, inakaa juu ya springi mbili nyembamba. Zikiruka sakafuni, umepoteza mchana. Piga picha kila unapotoa kitu, vipuri vipange kwenye trei ya mayai kwa mfuatano.

Hatua ya 5: Safisha

Grisi ngumu itoke kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Kutu ya kijani kwenye shaba tupu ilowekwe katika siki na maji nusu kwa nusu, dakika ishirini, kisha suuza na ukaushe vizuri. Alumini isiingie humo. Kromu ipate maji ya sabuni tu na kitambaa chenye mafuta. Ilikobanduka, ukisugua utaibandua zaidi.

Bibi yangu aling'arisha dele la kahawa kwa ukwaju na majivu likawa kama jipya. Kwa rili sikushauri. Ule weusi wa uzee mkusanyaji huupenda, na ukishauondoa haurudi.

Hatua ya 6: Breki

Juu ya gia kubwa kuna wosha za msuguano na za chuma, moja baada ya nyingine. Wosha za chuma ni za aina mbili: zenye masikio hushika gia, zenye tundu bapa hushika mhimili wa kati. Kwenye 6/0 anza na ya msuguano, kisha tundu bapa, msuguano, masikio, msuguano, na juu kabisa tundu bapa. Ukikosea, breki haitashika hata ukaze nyota vipi.

Wosha za zamani za msuguano, za nyuzinyuzi, usizipige msasa, huenda zina asbesto, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Zifunge kwenye mfuko, uvalishe za kaboni zenye kipenyo kilekile, na uzipake grisi ya breki kidogo sana, kiasi cha kuonyesha unyevu.

Hatua ya 7: Funga, kisha pima

Paka grisi ya baharini kwenye gia, ndani ya mabamba na kwenye nyuzi za kila skrubu. Beringi za spuli, ile ngoma inayokunja uzi, zipate mafuta mepesi, tone moja kila upande. Kaza skrubu za bamba kwa kupokezana, si moja hadi mwisho, maana bakelaiti hupasuka.

Funga uzi kwenye mizani ya kuning'iniza, uvute taratibu. Kwa uzi wa ratili 50, breki ianze kuachia kwenye kilo 6 hadi 7 hivi. Mshale ukirukaruka, kuna wosha yenye uchafu au iliyopinda, fungua tena. Ukipanda nayo botini, kila ukirudi legeza nyota kabla ya kuihifadhi, kwa kuwa wosha zilizobanwa usiku kucha hushikana, na kesho yake jodari akivuta utamsindikiza na uzi uliokatika.