Kabla hujamtajia developa mshahara, piga hesabu kwanza

Nyie mnaofungua kampuni za app hapa Mwanza, msimpigie mtu simu ya "umepata kazi" kabla hamjasoma hapa.

Kwanza usipange mshahara kwa kuangalia maduka ya Makoroboi yanalipaje. Developa mzuri anayekaa Nyegezi ana laptop na bando, kazi ya Dar au Nairobi anaifanya akiwa chumbani kwake, kwa hiyo unagombania mtu na hao. Ulizia watu watatu wanne walioko kwenye kazi hizo, usikisie.

Pili, jua hela uliyonayo inalipa miezi mingapi. Haifiki sita? Usiajiri, mpe mtu kazi moja moja, umlipe kila akimaliza.

Tatu, na hili ndo limeniunguza mimi, sema mshahara ni kabla ya makato au ni wa mkononi. Tulikuwa na app ya wanunuzi wa dagaa pale Mwaloni, tukapata kijana mkali kweli na Dar walikuwa wanamtaka, tukakaa naye kwenye chai nikamwambia milioni moja na laki mbili, akakubali tukashikana mikono. Sikusema ni kabla ya makato au ya mkononi, na yeye hakuuliza. Mwisho wa mwezi NSSF, mfuko wa pensheni, asilimia 10 ikaondoka na 120,000, PAYE, ile kodi ya mshahara, 152,000, halafu kumbe alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hiyo ni 180,000 nyingine. Akapokea 748,000. Akanipigia akidhani mhasibu kakosea. Alishalipa kodi ya chumba ya miezi sita kwa hesabu ya milioni na laki mbili, na mama yake kule Sengerema alishaahidiwa bati za nyumba.

Nikasema nitamjazia, nikashika kalkuleta. Ili mtu mwenye mkopo wa Bodi abaki na 1,200,000 mkononi, mshahara inabidi uandikwe kama 2,140,000, na hapo mimi mwajiri bado naongeza asilimia 10 yangu ya NSSF na mchango wa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini. Hatukuwa na hela hiyo. Akaandika notisi, siku zake 28 akafanya kazi kwa heshima zote, akaenda Dar, na mfumo wa malipo aliokuwa anaujenga ukalala miezi minne kwa sababu hakuna mwingine aliyeuelewa. Inaniuma mpaka leo, yule kijana nilimharibia mipango yake kwa sentensi moja ya kwenye chai.

Kwa hiyo muulize mapema, ulisoma kwa mkopo? Mpigie hesabu akiwa amekaa mbele yako, barua ya ofa iwe na namba zote mbili, ya kabla ya makato na ya mkononi.

Hisa za kampuni usizitumie kumpunguzia mtu mshahara, hisa hazinunui sato. Ukimtoa mtu Dar kwa dau kubwa angalia na yule uliyeanza naye analipwa ngapi, atajua tu. Mkifika wafanyakazi 10 kuna SDL, tozo ya kuendeleza ufundi stadi, unailipa wewe mwajiri, iweke kwenye bajeti mapema. PAYE ipelekwe ndani ya siku 7 mwezi ukiisha. Na usiahidi nyongeza kwa mdomo, wala usiahidi kwa hela ya mwekezaji ambayo haijaingia benki, hata kama amesema kesho.