Kabla hamjaunganisha mifumo ya wagonjwa, malizaneni kwanza na namba

Maafisa TEHAMA wa vituo vya huku kanda ya ziwa, kabla hamjafikiria intaneti wala seva kaeni kwanza na watu wa mapokezi, maana balaa linaanzia kwenye namba ya faili. Kuna mgonjwa 004512 Sengerema na kuna 004512 mwingine Nansio, kila mmoja kwake yuko sawa kabisa, siku taarifa zikikutana hospitali ya rufaa mtu anasomewa presha ya mwenzake.

Kwa hiyo namba isisafiri peke yake. Kwenye FHIR, kiwango cha kimataifa cha kubadilishana taarifa za afya, kitambulisho kina vipande viwili vikuu, system na value, yaani aliyetoa namba halafu namba yenyewe, na hiyo system ndo neimspesi, yaani eneo ambalo ndani yake namba hairudiwi. Mara nyingi inaandikwa kama anwani ya wavuti ila sio lazima ifunguke kwenye brauza, kazi yake kumtaja mwenye namba basi. Tumieni domeni ya taasisi yenu, sio ya kampuni iliyowafungia programu, mkandarasi akishaondoka jina lake litabaki kwenye kila rekodi na kulifuta ni kazi ya kulia. Halafu mwafikiane herufi kwa herufi, mmoja akiweka http mwingine https, au mkwaju (/) ukibaki mwishoni, kompyuta inaona vitu viwili tofauti. Na ile example.org ya siku za majaribio itoeni, hiyo imetengwa kwa mifano tu.

Msifiche maana ndani ya namba. Geita si ndo imekuwa mkoa 2012, kabla ya hapo mji wake ulikuwa ndani ya mkoa wa Mwanza? Sasa namba iliyoanza na msimbo wa mkoa unaifanyaje? Huigusi, ikishatolewa imetolewa. Ndo raha ya UUID, kitambulisho cha pekee kinachotengenezwa na kompyuta, biti 128, inaandikwa kwa alama 32 na vistari vinne, haisemi mtu katoka wapi na kituo kinajitengenezea chenyewe hata mtandao ukikata huko kisiwani Ukara. Toleo la 4 ni za kubahatisha tupu, la 7 lililoingia kwenye RFC 9562, waraka wa viwango vya intaneti, mwaka 2024 linaanza na muda, databesi inalipenda ila mjue saa ya kusajiliwa inasomeka humo. Dirishani lakini nani atamsomea bibi alama 32? Waachieni namba fupi yenye tarakimu ya uhakiki, ile ya mwisho inayokamata makosa ya kuandika.

Hili la kukopi seva ndo wengi wanalipuuza. Kwenye openEHR, kiwango cha kutunza rekodi za wagonjwa, kila toleo la rekodi linabeba pia jina la mfumo uliolizalisha, ukichukua seva ya mjini ukaipandikiza Igoma kama ilivyo, mifumo miwili inajiita jina moja, kwa hiyo badilisha jina hilo kabla mgonjwa wa kwanza hajasajiliwa.

Mkikuta mtu ana rekodi mbili msifute ya zamani, iungeni na mpya, karatasi ya maabara yenye namba ile bado inazunguka wodini.